Seremala wa Jumamosi

Nsss! Sogeeni, kahawa bado ya moto. Mmemwona yule bwana wa geti jeusi? Yule wa benki, mwenye shati lililonyooka mpaka unaogopa kumpa mkono ukiwa umetoka kula kashata. Jumamosi nzima yuko uani na kaptula, jasho linamchuruzika, maranda yamemjaa kichwani, anasukuma randa. Ukiuliza anatengeneza nini, unaambiwa rafu ya viatu. Rafu ya viatu, jamani! Na sisi tupo Temeke hapa, kwenda Keko ni pua na mdomo, na huko Keko rafu zimepangwa kando ya barabara mpaka mtembea kwa miguu anatafuta pa kukanyaga.

Kijiwe kizima kilisonya. Dereva wa bodaboda ndiye aliyefungua kesi: "Mtu ana mshahara wake kila mwezi, bado anamnyang'anya seremala tonge." Muuza kahawa akadakia kwamba hiyo ni kubana matumizi, maisha yamempiga bwana mkubwa, ila anaona haya kusema. Fundi viatu, ambaye huwa hachangii mpaka amalize kushona, akavuta uzi, akaukata kwa meno, akatoa hukumu yake: mwanaume anayekaa na msumeno uani kutwa nzima ana jambo analolikimbia ndani. Tukacheka mpaka vikombe vikamwagika.

Sasa na mimi naomba nafasi ya kusonya, ila msonyo wangu utazunguka, kila mtu atapata fungu lake.

Tuanze na hili la tonge. Aka! Huyo bwana mbao kazikuta zimeota uani? Kazinunua Buguruni. Kapeleka kwenye mashine ya mtu zikarandwa na kupasuliwa, kalipa. Gundi, msasa, skrubu na vanishi kavitoa dukani. Mkokoteni uliomletea mzigo ulisukumwa na kijana wa mtaa huu huu, na leo yuko hapa anakunywa kahawa kwa hela hiyo. Wote hao wamekula. Nendeni mkamuulize fundi wa Keko kama anaijua rafu ya viatu ya mtu wa benki. Kinachomnyima usingizi yeye ni makontena ya makochi na makabati ya MDF, yale ya nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, yanayong'aa dukani na kuvimba siku maji ya kudekia yakiyafikia. Kuna na mteja wa aina fulani anayemnyima usingizi vilevile, lakini huyo tutamfikia mwishoni, kwa sababu amekaa nasi hapa benchini.

La pili, la kubana matumizi, ndilo lililonifanya nisonye kwa nguvu, maana bwana mwenyewe ndivyo alivyomwambia mkewe: "Tutaokoa hela, mama watoto." Hela gani? Hesabuni pamoja nami. Msumeno wa mkono. Randa. Patasi angalau mbili, nyembamba na pana. Tepu. Skweya ya kupimia kona. Jiwe la kunolea, maana patasi butu inataka kusukumwa kwa nguvu, na ikiteleza inaingia kwenye kiganja. Klampu za kubania gundi ikikauka, na sijaona mtu ambaye klampu alizonazo zimemtosha. Halafu keekee ya umeme, kwa sababu amemwona jirani anayo. Jumlisha yote hayo uone kama hukupata rafu kadhaa za Keko, kuletewa mpaka mlangoni, na hela ya soda ikabaki.

Ni kweli zana zikishalipiwa zitamtumikia miaka, na huko mbele, kitu cha tatu au cha nne, hesabu itaanza kukaa sawa. Lakini anayeingia uani kufuata unafuu atatoka amenuna. Mwambie mkeo ukweli tu, bwana: umejinunulia kitu cha kukufurahisha. Mwenzako ananunua jezi mpya kila msimu na tiketi za Uwanja wa Mkapa, na hakuna aliyewahi kumsimamisha shabiki wa Simba wala wa Yanga amuulize ameokoa shilingi ngapi.

Faida ya huyu bwana iko kwingine kabisa. Iko kwenye jicho.

Mnajua tunavyonunua kitanda sisi wengine. Tunakigonga kwa kidole, sijui tunasikiliza nini, tunauliza: "Hii mninga?" Tunajibiwa: "Mninga tupu, bosi." Tunatikisa kichwa, tunalipa. Kumbe mninga ni ule wa kwenye kopo la vanishi. Ndani kuna msindano wa kutoka nyanda za juu kusini. Na msindano sio mbao mbaya, tusiusingizie. Shamba la Sao Hill kule Mufindi, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, limejaa misindano, na mapaa mangapi mnayoyaona yamesimama juu yake. Kosa ni kuulipia kwa bei ya mninga wa Tabora.

Mtu aliyewahi kuranda mbao kwa mkono wake, hiyo michezo haimpati kirahisi. Msindano unanukia utomvu, na ukiukandamiza kwa ukucha unaacha alama. Mninga una uzito wake mkononi na michirizi ya kahawia inayopita mpaka ndani, haiishii juu. Mkongo ni mgumu, unaichosha randa na mwenye randa. Mtiki una mafuta yake ya kuzaliwa nayo, ndiyo maana ukapelekwa kwenye merikebu na kwenye viti vya bustani. Wetu unatoka mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Bwana wa geti jeusi sasa akiingia duka la samani anapiga magoti kwanza. Anatazama uvungu wa meza, nyuma ya kabati na chini ya droo, pale ambapo brashi ya vanishi huwa inachoka. Muuzaji akimwona hivyo anabadilisha sauti, anaanza kumwita fundi.

Halafu kuna somo la unyevu, na hapa ndipo tulipomcheka mpaka tukapaliwa. Rafu yake ya kwanza ilimgeuka. Ubao wa juu ulijikunja, viatu vikawa vinateremka vyenyewe kuelekea upande mmoja. Alikuwa amenunua mbao mbichi, iliyoshuka kwenye lori juzi. Mbao mbichi ikikauka hunywea, na hunywea kwa upana. Kwa urefu karibu haibadiliki. Siri ya milango inayokwama masika na kuachia mwanya kiangazi ni hiyo hiyo. Maseremala wana kanuni yao ya tangu zamani: mbao ngumu ipangwe kivulini, kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti upepo upite, na kila inchi moja ya unene isubiriwe mwaka mmoja. Nani anasubiri mwaka siku hizi? Mteja anataka kitanda Ijumaa, mwenye banda anataka kodi, na mbao inataka muda. Katika hao watatu asiyeweza kupiga simu kulalamika ni mbao, basi ndiyo inayodhulumiwa. Inakuja kulipa kisasi sebuleni kwako.

Asiyefunzwa na fundi hufunzwa na mbao. Leo huyo bwana akienda Buguruni anainua ubao usawa wa jicho, anauchungulia kutoka ncha hadi ncha, uliopinda anaurudisha, wenye kiini cha mti katikati anaurudisha, wenye vifundo vingi anauliza bei ya chini. Akifika nyumbani anazipanga chini ya bati, anaziacha wiki kadhaa zizoee hewa ya pale kabla hajazigusa. Na ubao wa meza haupigilii misumari pande zote. Anaufunga kwa chini kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu kidogo, ili masika ukitaka kutanuka upate pa kwenda. Hayo hakuyapata benki.

Nsss! Msonyo unaofuata ni wa mtaa wa pili, kwa yule kijana aliyejiunga na chuo cha YouTube. Kamwona Mjerumani anaunda kitanda, vipimo vimeandikwa vizuri kabisa: sentimita 140 kwa 200. Kijana kavinakili, kakata, kaunga, kapiga msasa, kazi safi. Jioni kaleta godoro lake la tano kwa sita. Sasa godoro letu la futi tano kwa sita, ukiligeuza kuwa sentimita, ni karibu 152 kwa 183. Likaning'inia kushoto, likaning'inia kulia, na miguuni pakabaki mwanya ambao paka aliuchukua usiku huo huo. Mkewe hakusema neno. Alichukua shuka akaenda kulala kwa watoto.

Kila siku tunasema pima, pima, lakini kipimwe nini? Pima godoro lako. Pima viatu vyako, ukuta wako, urefu wa mama mkwe atakayekalia hicho kiti. Kwa watu wazima wengi kiti hukaa vizuri kikiwa na inchi 18 hivi kutoka chini, na meza ya kulia inchi 30. Na mjue muuza mbao wetu anaongea inchi na futi, wakati video za Ulaya zinaongea milimita. Katikati yao ndipo mbao nyingi zinapoishia kuwa kuni. Tena ile tunayoiita mbili kwa nne, ikishapita kwenye randa haiwi tena mbili kwa nne. Anayechora kabati kwa vipimo vya jina la mbao atashangaa milango kuwa mikubwa kuliko nyumba yake.

Kuna na hawa wa mapaleti. Sikatai, akili ni mali: paleti inatupwa, kijana anaiokota, anaing'oa misumari, anakuja na kochi la barazani. Lakini kabla hujaileta ndani ikalaliwa na mtoto, tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Paleti zinazosafiri kimataifa huwekwa alama yenye suke la ngano, herufi za nchi ilikotoka, kisha namna ilivyotibiwa wadudu. Ukiona HT, ilipikwa kwa joto mpaka moyo wa mbao ukafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa nusu saa, hiyo chukua. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methyl bromide. Hiyo iache ilipo. Na hata ya HT, kama ina madoa ya mafuta au harufu usiyoielewa, usiulize ilibeba nini, pita zako. Vivyo hivyo mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa: za kuezekea ni za kuezekea, msizifanye kibao cha kukatia mboga wala msiwashie jiko mabaki yake.

Na wewe bwana wa geti jeusi, usidhani umepona. Grainda saa tatu usiku? Watu wanataka kulala, wengine wako kwenye ibada. Na lile vumbi unaloliacha lielee mpaka kwenye dishi za mama lishe, unajua ni kitu gani? IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1995 ililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Mafundi wetu wanalivuta kutwa bila hata kitambaa, wana watoto wa kulisha. Wewe unafanya kwa raha zako, huna kisingizio: vaa barakoa, vaa miwani, mwagia maji sakafu kabla ya kufagia, na maranda mpe mwenye kuku atandike bandani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana rafu ya viatu ilikuwa dalili tu. Hebu tuulizane: kwa nini tulimcheka? Angekuwa amelala kochini anatazama mpira, nani angesema? Angekaa baa tangu saa nne asubuhi, tungesema bosi anapumzika. Kashika randa, tumemfungulia kesi yenye mashtaka matatu. Tunaamini mtu akishasoma mikono inastaafu. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule zisizalishe watu wanaoona kazi ya mikono ni aibu. Matokeo yake tunayajua wote hapa. Somo la stadi za kazi, mwalimu anaagiza mwiko au ufagio, mtoto anamwambia mama, mama anapitia sokoni, mtoto anapeleka, anapewa alama. Alama hizo zilikuwa za muuza mifagio! Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, kijana asome ufundi kwa heshima yake. Jambo jema. Lakini kama nyumbani baba anamsonya jirani kwa kuranda mbao, huyo kijana ataenda kwenye mkondo huo akijihisi ameangushwa, sio amechagua.

Mama wa maandazi alikuwa anatusikiliza muda wote huo, anageuza tu kwenye mafuta. Mnakumbuka binti yake alipoenda VETA kusoma useremala, tulisema nini hapa? Tulisema nani atamuoa. Basi Jumamosi hiyo binti alipita na sinia kwa bwana wa geti jeusi, akasimama akatazama fremu aliyoiunga. "Shikamoo mjomba. Hiyo fremu yako imekaa tenge." Bwana akabisha, skweya anayo mkononi. Binti akaomba tepu, akapima kutoka kona hadi kona ya mkabala, akavuka akapima na nyingine. Vipimo viwili havikulingana. Akamwambia ukiona havilingani fremu imepinda, hata skweya ikuambie nini. Akaisukuma kona ndefu kwa goti mpaka vikalingana, akamwambia bana sasa kabla gundi haijashika. Akachukua sinia lake akaondoka. Bwana wa benki akabaki anamshukuru mgongo. Tuliouliza nani atamuoa tukatazama vikombe vyetu.

Kwa hiyo nani aingie uani? Yeyote mwenye Jumamosi na subira, ila asianze na kochi. Kochi lina spring, lina sponji, lina kitambaa, ni kazi za watu watatu. Aanze na kigoda: miguu minne, ubao mmoja, mtu anakalia, kikiyumba anajua. Akitoka hapo ajaribu kibao cha mbuzi. Msikidharau. Ni mbao mbili zinazopishana na kukunjwa bila bawaba ya dukani, zimeshikwa na kijiti tu, na juu yake anakaa mtu mzima anayekuna nazi kwa nguvu. Ukiweza kuunga kitu hicho kikabeba uzito wa shangazi yako mwezi mzima wa Ramadhani bila kulia, meza utaiweza. Na ununuapo mninga au mkongo, dai risiti. Magogo yanayotoka usiku bila vibali ndiyo yatakayowafanya wajukuu zetu waijue miti hiyo kwenye picha.

Nimeahidi kumtaja mteja anayemnyima fundi usingizi. Ni mimi, ni wewe, ni dereva wetu wa bodaboda. Tunafika Keko, fundi anataja bei, tunashika kichwa. Tunasema: "Mbao hizi mbili tatu ndiyo hela yote hiyo?" Tunakata nusu, tunatoa kianzio kidogo, tunataka kazi Ijumaa, kisha ikipasuka tunasema mafundi wa Bongo matapeli. Wako matapeli, sikatai. Lakini mara nyingi tulinunua haraka, tukalipia haraka, tukapewa haraka. Juzi bwana wa geti jeusi aliagiza kabati la nguo, kubwa, akijua fika kwamba hilo halimudu. Alimuuliza fundi mbao ina muda gani tangu ishuke. Akaambiwa bado changa. Akasema nitasubiri, akaacha hela ya mbao yote, na bei ya ufundi hakuigusa. Anajua ulimi mmoja wa kuingia kwenye tundu unakula muda gani, maana ameukata mwenyewe akaukosa akaurudia.

Basi ndugu zangu, kabla hujamwambia fundi bei yake ni ya wizi, tafuta ubao mmoja wa futi mbili, azima randa, uunyooshe mpaka ulale sawasawa mezani. Ukimaliza, kama mkono bado una nguvu, nenda kapunguziwe bei.